Msichague bakteria kwa rula

Kila msimu wa utafiti, vijana huja mezani kwangu na sahani za petri mkononi, nyuso zikiwang'aa, wakinionyesha bakteria wa udongoni wanaotaka wailinde mimea dhidi ya kuvu ya ugonjwa, na duara tupu kuwazunguka ambalo kuvu hiyo imeshindwa kulivuka. Nawapenda kwa furaha hiyo, na naandika haya kwa sababu nimechoka kuiona ikifia kitaluni kwa makosa yaleyale.

1. Chukueni udongo ulioshikamana na mizizi ya mmea uliobaki mzima katikati ya shamba lililonyauka, si ule ulio karibu na mlango wa maabara.

2. Duara halitoshi. Kijana mmoja hodari alitenga aina kadhaa za bakteria wa Bacillus kutoka kwenye mizizi ya nyanya, akazipambanisha na Fusarium oxysporum, kuvu inayonyausha nyanya, akapima maduara, akabaki na ile iliyoongoza. Nyingine zote zikaishia kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Miche ilipopandwa kwenye udongo uliotiwa kuvu hiyo, majani ya chini yalianza kugeuka manjano upande mmoja, na alipopasua mashina alikuta mishipa imekuwa ya kahawia, sawasawa na miche ambayo haikupewa chochote. Alikaa kimya kitaluni, nami sikuwa na la kumfariji. Ndipo akafanya jambo lililopaswa kutangulia: aliwaotesha bakteria wake penye rifampisini, dawa ya kuua bakteria, hadi akapata kizazi kinachoihimili ili aweze kuwatambua, akawatia kwenye miche mipya, na baada ya wiki kadhaa akasaga mizizi na kuipanda kwenye agari, ute wa kuoteshea bakteria, yenye dawa hiyo. Sahani zilitoka karibu tupu. Bakteria yule alitengeneza iturini, kemikali inayozuia kuvu, kwa wingi alipolishwa agari nono, lakini mzizini, penye chakula kidogo na washindani wengi, hakudumu. Kinachoniuma hadi leo ni zile aina zilizotupwa, kwa maana hata isiyo na duara kabisa huweza kuulinda mmea kwa kuuwahi mzizi, au kwa kuuamsha mmea wenyewe ujihami, na hilo sahani haiwezi kulionyesha kwa kuwa hakuna mmea ndani yake. Hifadhini zote kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri.

3. Miche ya kulinganishia ipewe kimiminika kilekile cha kuoteshea, kisicho na bakteria, si maji matupu. Kimiminika hicho ni lishe.

4. Mkipasha udongo moto wa nyuzi 80 kwa dakika 10 ili zibaki spora za Bacillus, yaani mbegu zao ngumu zinazohimili joto, Bacillus cereus naye anabaki, na ndiye anayewaumiza matumbo watu waliokula wali uliolala. Bakteria mwingine, Pseudomonas aeruginosa, huidhibiti kuvu vizuri sana, lakini pia hushambulia majeraha na mapafu ya wagonjwa. Hata duara liwe pana kiasi gani, hao wawili wasifike kwenye mboga ya mtu. Jeni ya 16S, inayosomwa ili kutambua bakteria, peke yake haitoshi kumtenganisha cereus na jamaa zake, kwa hiyo nitaendelea kuwarudisha maabara hata mkininunia.

5. Bakteria hawa ni kinga, si tiba. Watieni kwenye mbegu na trei kabla ya kuhamisha miche, kwani nyanya iliyokwisha kunyauka hawataiponya. Pseudomonas, hata wa aina zisizodhuru watu, hana spora, hivyo msimwache juani mchana kutwa ndani ya bomba la kunyunyizia la mgongoni, wala msimchanganye na dawa ya shaba.