Kufungiwa stoo na tajiri

Dadangu, umeuliza kama tajiri wako wa Kongowea, Mombasa, alikosea kukufungia stoo tangu adhuhuri hadi magharibi kwa vile hesabu ilipungua, ilhali hakukugusa. Alikosea, tena sana. Si lazima upigwe wala ufungwe kamba. Kufuli la nje likikuzuia kutoka bila haki, yatosha. Ibara ya 29 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wako, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 263, inahesabu kumfungia mtu hivyo kuwa kosa la jinai. Kama alikushuku wizi, angekupeleka polisi bila kuchelewa, si kukuacha kwenye joto lile na magunia ya mchele. Nenda kituoni leo, udai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio ambamo polisi huandika ripoti. Mwenzio aliyesikia ukigonga mlango ni shahidi. Zungumza naye kabla hajatishwa.