Usiweke R kwenye kisanduku 10 eti kwa sababu ndege ina GPS

Futa hiyo R kabla hujapeleka fomu ya mpango wa safari ya ndege. Umeuliza ujaze nini kisanduku 10, kile cha vifaa vya ndege, kwa C172 (Cessna ndogo ya injini moja) ya kukodi, safari ya IFR, yaani kuruka kwa kutegemea vifaa, kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Mombasa, halafu ukamalizia kwamba mwalimu mmoja amekwambia "ina GPS, andika SGR/C, kila mtu huandika hivyo." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na niliyalipia. Ndiyo maana nakujibu kwa haraka.

R si GPS. GPS ni G. R inasema ndege imeidhinishwa kwa PBN, yaani urambazaji unaopimwa kwa usahihi wake, na ukishaiandika ni lazima kisanduku 18, kile cha maelezo mengine, kiwe na PBN/ pamoja na misimbo ya viwango vyake: B2 ni kiwango cha RNAV 5 kwa GNSS (setilaiti, GPS ikiwemo), C2 ni RNAV 2, D2 ni RNAV 1, S1 ni kukaribia kutua kwa kiwango cha RNP. Ukiandika R bila PBN/, fomu inajipinga yenyewe na unaweza kurudishiwa. Ukirudishiwa una bahati. Balaa ni yule anayenakili PBN/B2C2D2S1 kutoka fomu ya ndege nyingine, ikapita.

Mwongozaji wa ndege haoni paneli yako, anaona herufi ulizoandika. Akiona D2 ana haki ya kukupa njia ya RNAV 1, na njia hiyo inataka ubaki ndani ya maili 1 ya baharini kila upande wa mstari kwa asilimia 95 ya muda. Sasa chukua risiva ya zamani ya GPS iliyobaki kwenye mizani ya safari, ambapo sindano inayoonyesha umeuacha mstari kiasi gani ikifika mwisho umetoka maili 5. Sindano ikisogea robo tu, kitu ambacho mwanafunzi hukiona kidogo akaendelea na redio, tayari uko maili 1.25 nje ya mstari. Uko ndani ya wingu, na magharibi ya Nairobi vilima vya Ngong vinapanda hadi kama mita 2,460. Ukigundua kwamba huwezi, itabidi useme huwezi hewani, huku mwongozaji ameshapanga ndege nyingine akitegemea ahadi yako. Ukigundua ukiwa bado chini, kibali kinaandikwa upya, injini inanguruma, saa ya kukodi inahesabu, na bili ni yako, si ya mwalimu.

ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wameliweka wazi kwenye waraka wao Doc 4444. Herufi ya kisanduku 10 inabeba mambo matatu kwa pamoja: kifaa kipo na kinafanya kazi leo, rubani anastahili kukitumia, na pale panapohitajika kibali, mamlaka imekitoa. Kwetu mamlaka hiyo ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Likikosekana moja, herufi haiandikwi. Mwalimu anayesema "ina GPS, weka R" ameangalia nusu ya jambo la kwanza tu, na inaniuma sana kuona bado kuna watu wanalipwa kufundisha hivyo.

Kwa hiyo nenda kwenye ndege kabla ya kushika kalamu. Tazama karibu na GPS: ndege nyingi za kukodi zina kibandiko kidogo, wakati mwingine kimefifia kwa jua, kinachosema kifaa ni cha VFR tu, yaani kuruka kwa kutazama nje. Ukikiona, kwa safari yako ya IFR hata G inatoka. Kama hakipo, washa risiva usome ukurasa wa mwanzo, ule ambao watu huubonyeza upite bila kuusoma. Ukurasa huo una tarehe ya mwisho ya data ya urambazaji, na data hiyo hubadilishwa kila siku 28. Kisha fungua nyongeza ya GPS nyuma ya kitabu cha ndege, tafuta kiwango ilichofungwa nacho: TSO-C129, C145 au C146. GPS ya mkononi au tablet iliyofungwa kwenye usukani haihesabiwi hapa, hata ikiwa nzuri kuliko ile ya paneli.

Tena angalia maelezo uliyopewa ni ya lini. Kama ni zile fotokopi zinazosema S inajumuisha ADF (dira ya redio), ni za kabla ya tarehe 15 Novemba 2012, fomu ilipobadilika. Siku hizi S ni redio ya VHF ya kuongea, VOR (mitambo ya redio ya ardhini ya kuonyesha mwelekeo) na ILS (mfumo wa kuongoza kutua). ADF ni F peke yake, DME, kipima umbali, ni D. Na ILS ikiwa imeandikwa mbovu kwenye kitabu cha hitilafu, S haifai tena. Andika VO, redio na VOR.

Ile C172/G uliyoiona mtandaoni ni mtindo wa Marekani, na tangu Agosti 2019 hata huko marubani wa kiraia wanajaza fomu ya ICAO. Ukiiandika kisanduku 9, kile cha aina ya ndege, kinachofuata mkwaju husomwa kama daraja la msukosuko wa hewa nyuma ya ndege, na G si mojawapo. Andika C172/L, L ya ndege nyepesi.

Baada ya mkwaju wa kisanduku 10 ni transponda, kifaa kinachoijibu rada. C ni ile inayotuma tarakimu nne na kimo. Kama umewekewa ya Mode S, aina mpya zaidi, chagua herufi moja ya Mode S kulingana na kitabu chake, na hakikisha jina inalorusha ni lile lile la kisanduku 7, yaani 5Y, alama ya ndege za Kenya, na herufi zake bila kistari.

Kwa ndege uliyoielezea, kila kitu kikiwa kizima na GPS ni ya IFR, ni SG/C. Ikiwa na DME, SDG/C. GPS ikiwa ya VFR tu, S/C, na uende kwa VOR. Wakikubadilishia ndege asubuhi hiyo, kama wanavyofanya mara nyingi, rudi kwenye kibandiko na ukurasa ule wa tarehe, kisha peleka marekebisho ya fomu kabla hujawasha injini.