Hakuna Aliyelipwa kwa Kura Ile ya Minnesota

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba huko Kisii inasemekana wahamiaji wa jimbo la Minnesota, Marekani, tulilipwa mwaka 2012 ili tuunge mkono ndoa za jinsia moja, na kwamba waliokubali walipewa makaratasi upesi. Shemeji naye ameniuliza kama mlango huo bado uko wazi. Nimekasirika, na ninajibu kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kuwapambia maneno kama tunavyofanya siku zote.

Kwanza, kura ile haikuwa ya kuruhusu lolote. Sheria ya jimbo ya mwaka 1997 ilikuwa imekwisha kuzikataza ndoa hizo. Kilicholetwa tarehe 6 Novemba 2012 ni pendekezo la bunge la jimbo la kulitia katazo hilo ndani ya Katiba, ambako wabunge wa baadaye wasingeweza kuliondoa bila kurudi kwa wapiga kura. Majimbo yapatayo 30 yalikuwa yamekwisha kufanya hivyo, na North Carolina ilifanya Mei mwaka huohuo. Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa hapa alilipigania pendekezo hilo waziwazi.

Pili, mimi sikupiga kura. Nilikuwa na kadi ya ukaazi tu, na asiye raia akipiga kura katika uchaguzi kama ule anaweza kufukuzwa nchini. Atakayekushauri ujiandikishe kupiga kura ili "uonekane mwema" anakuchimbia kaburi.

Nilichokiona ni mama mmoja wa kujitolea aliyebisha hodi kwetu Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, akimtafuta jamaa ninayeishi naye nyumba moja, ambaye ni raia na hakuwepo. Nilimwambia kwamba mimi sina kura, naye, badala ya kuondoka, akaniuliza kwa nini nilioa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya maelfu wenzake wa Minnesotans United for All Families, kampeni iliyolipinga pendekezo, kwenye simu na milangoni: kumwuliza mtu ndoa ina maana gani kwake, kisha kumsikiliza. Kampeni za majimbo mengine zilikuwa zimehubiri haki na faida zikashindwa. Hawa walizungumza juu ya mapenzi na kiapo.

Nilimweleza kwamba mke wangu yuko Kisii, nami huku nabadilisha nepi za wazee usiku kucha, huku ombi la viza yake likisubiri foleni isiyosogea. Akaniambia kwamba ameishi na mwenzake wa kike miaka mingi, na kwamba kama mwenzake angekuwa Mkenya, foleni hiyo wasingeruhusiwa hata kuipanga, kwa kuwa serikali kuu haikuitambua ndoa ya namna yao hata pale ilipofungwa katika jimbo linaloiruhusu. Mimi ni Msabato, unajua tulivyolelewa, na ninayoyaamini kuhusu harusi ya kanisani hayajabadilika. Hata hivyo, mtu aliyetenganishwa na mkewe na karatasi hawezi kufurahia kuona wengine wakifungiwa kwa karatasi nzito zaidi. Yule jamaa wa nyumbani alipiga hapana. Sikumshawishi, ila sikunyamaza pia.

Pendekezo lilipata takriban asilimia 47 na nusu. Hapa kura ya Katiba iliyoachwa wazi huhesabiwa kuwa hapana, lakini hata bila hizo lingeanguka. Bunge jipya ndilo lililoruhusu ndoa hizo Mei 2013, na Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaondoa kizuizi cha serikali kuu, nao wanandoa wa jinsia moja wakaanza kuombeana viza. Mimi na mke wangu tuliendelea kusubiri. Hayo ndiyo makaratasi mnayosema tulipewa!

Mwambie shemeji asithubutu kujidai shoga ili apate hifadhi ya ukimbizi huku. Ombi la uongo likithibitishwa linaweza kumfungia mlango maisha yake yote, na anawaharibia wanaokimbia vipigo vya kweli. Wakala anayemwahidi hivyo ni mwizi, hata kama ni mzee wa kanisa.

Wewe baki nyumbani kwa sasa. Mshahara wa huku unaisha kwa kodi ya nyumba na karo zenu. Lakini ukimaliza uuguzi, nitumie nakala za vyeti vyako mapema, kwa sababu kuvihakiki huchukua muda mrefu, nami nimekwisha kuweka kando ada ya mtihani wako wa leseni ya uuguzi ya huku.