Jibu: Kisu cha Sheffield kimebadilika rangi, nikisugue?

Mkuu, usikisugue! Umesema kisu chako cha kukunja kimeota madoa ya kijivu na bluu baada ya kumenya machungwa, ukadhani kinaharibika. Hapana. Visu vingi vya zamani vya Sheffield, ule mji wa Uingereza unaosifika kwa visu, ni vya chuma cha kaboni (si kile kisichoshika kutu), na asidi ya matunda hubadilisha rangi ya uso wake. Rangi hiyo ukiiacha inasaidia kuzuia kutu. Kutu ni ile nyekundu ya ungaunga. Hiyo iondoe mara moja.

Changu ni cha umbo liitwalo lambsfoot, yaani makali yamenyooka kama rula, mpini wa pembe. Kinakata tufaha langu la mchana, kamba za maboksi, hata jibini. Nikimaliza nakifuta kikauke kabisa, mara mojamoja tone la mafuta pale kinapokunjikia, basi. Miaka minne sasa, bapa lina mawingu ambayo huyaoni kwenye kisu kingine chochote, nami nayapenda mno.

Kama uko Uingereza, cha kukunja kisichojifunga kikifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unaruhusiwa kutembea nacho.

Tuwekee picha, mkuu!