Wasomaji Wauliza: Mzabibu wa Frontenac na uchachu wake

SWALI: Tumehamia St. Paul, Minnesota, kwenye nyumba yenye mzabibu uani. Jirani anasema ni Frontenac. Zabibu zilipokuwa nyeusi kabisa, mwanzoni mwa Septemba, tulizichuma. Juisi ilikuwa chachu ya kukunja uso, jeli haikuganda, na chini ya chupa tukakuta chembe kama vioo. Tuung'oe?

JIBU: Msiung'oe, tafadhali. Frontenac ni chotara iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1996. Mzazi wake mmoja ni mzabibu mwitu wa Marekani uitwao riparia, na kwake imerithi mambo mawili: kustahimili baridi ya nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na asidi nyingi.

Kosa ni kuchuma mapema. Rangi hutangulia ukomavu kwa wiki kadhaa. Subirini mwishoni mwa Septemba au hata Oktoba, mbegu ziwe za kahawia na kipimo cha sukari kisome 24 hadi 25 Brix. Kadiri vichala vinavyokaa mtini, asidi hupungua. Funikeni kwa wavu punje zinapoanza kubadilika rangi, la sivyo ndege hawatawaachia kitu.

Zile chembe si vioo. Ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe, haina madhara, na kutuama kwake ndiko kunakopunguza ukali. Basi tumieni kutuama huko. Kwa kilo 5 za zabibu zilizotolewa vikonyo, wekeni vikombe 2 vya maji, pondeni kwa mkono, pasheni kwa moto mdogo dakika 10. Msitie kwenye blenda, maana mbegu zikivunjika huleta ukakasi. Wala msitumie sufuria ya alumini, kwani asidi huila. Chujeni kwa kitambaa bila kukamua, wekeni juisi kwenye friji siku mbili, kisha mimineni taratibu na kuacha mashapo. Sukari iongezwe baada ya hapo, si kabla.

Jeli: vikombe 4 vya juisi kwa vikombe 3 vya sukari, moto mkali hadi nyuzi 104 za Selsiasi. Kama hamna kipimajoto, choteni kwa kijiko baridi. Matone mawili yakiungana na kudondoka kama utando, epueni. Isipofika hapo haigandi. Na mkipika sufuria kubwa kwa mkupuo mmoja, jeli hukaa motoni muda mrefu mno na pektini, kile kinachoigandisha, huharibika.

Pogoeni mwezi Machi. Maji yakichuruzika penye jeraha, msishtuke. Vijipele chini ya majani ni kazi ya filoksera, mdudu mdogo wa mizabibu, na Frontenac hushambuliwa nayo sana majanini, lakini mti mkubwa huvumilia. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni dawa ya magugu ya 2,4-D inayopuliziwa nyasi za uani: upepo ukiipeperusha kidogo tu, majani hujikunja kama upepeo wa mkono na mavuno huharibika.

SWALI: Nalima zabibu Dodoma. Je, nilete Frontenac?

JIBU: Hapana, ndugu. Sifa yake kuu ni kuvuka majira ya barafu, na Dodoma barafu haipo. Makutupora na Chenin Blanc ulizozizoea huvunwa mara mbili kwa mwaka; Frontenac kwao Minnesota huvunwa mara moja tu.