Kilemba hakitoshi: namna ya kusoma michoro ya Kibaroko ya watu wa Mashariki

Ukikutana na mchoro wa Ulaya wa karne ya 17, enzi ya mtindo wa sanaa uitwao Kibaroko, wenye mtu wa Mashariki (Asia), usikimbilie jina lililoandikwa chini yake. Jiulize kwanza mchoraji alikuwa anatazama nini: mtu mwenyewe, picha iliyochorwa na mwingine, au Mzungu wa mtaani kwake aliyevishwa kilemba.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, hakuwahi kufika India. Hata hivyo, kati ya 1656 na 1661 hivi alinakili picha ndogo za Wamughali, watawala Waislamu wa India wa wakati huo, na michoro kama 23 imebaki. Mingi iko kwenye karatasi ya Asia, na kalamu yake imekwenda kwa utulivu asiokuwa nao kwingine. Shah Jahan, mfalme wao, anaonekana kwa upande, kama wachoraji wa kasri lake walivyozoea. Kivuli cha wino wa kahawia uliochanganywa na maji ni nyongeza ya Rembrandt. Dhahabu na rangi kali karibu zote kaziacha, kwa hiyo usitafute humo rangi halisi ya joho.

Fuatilia pia mchoro ulikoishia. Alinakili masheikh wanne walioketi chini ya mti, kisha katika chapa yake (picha iliyochapwa kwa bamba la shaba) ya 1656 mkao ule ukawa wa Ibrahimu akiwakirimu malaika. Watu wenye dini na mahali pao wakageuzwa kuwa mandhari ya Biblia, na hilo linauma hata kama kazi ni nzuri.

Majina ndiyo hupotosha zaidi. Rubens, mchoraji wa Flandria (Ubelgiji ya leo), alichora mwaka 1617 hivi mwanamume mwenye joho pana na kofia inayopitisha mwanga, kwa chaki nyeusi, akatia nyekundu kidogo usoni tu. Chapa ya 1774 ilimwita balozi wa Siam (Thailand ya leo) katika kasri la Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyetawazwa miaka minane hivi baada ya mchoro wenyewe! Baadaye akaitwa Mkorea kwa sababu ya mavazi, na ubishi juu ya asili yake bado upo. Vazi hukuonyesha nguo ilikotoka. Aliyeivaa ni swali jingine.

Kwenye chapa, kagua pande. Picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba bila kugeuzwa kwanza hutoka kinyume. Vazi la Kichina hufungwa upande wa kulia wa mvaaji. Ukiliona limefungwa kushoto, huenda ni bamba lililogeuza, si kosa la aliyechora.