Uliza Fundi: systemd na malalamiko yenu

Barua za mwezi huu karibu zote zina mlalamikiwa mmoja: systemd, programu inayoanza ya kwanza Linux inapowaka, kisha kuziamsha nyingine zote. Tumechagua tano.

Nina saiba Umoja. Seva yangu ina diski ya nje ya kuwekea nakala. Siku diski isipochomekwa, mashine huganda dakika moja na nusu, halafu inaleta skrini nyeusi ikidai nenosiri la root (akaunti ya msimamizi mkuu). Debian (aina ya Linux) ya zamani haikuwa na kiburi hiki. Nirudi nyuma? – Mwenye saiba, Umoja

Usirudi. Shida iko katika faili ya /etc/fstab. Mfumo wa zamani, sysvinit, mara nyingi ulipoikosa diski uliandika kosa na kuendelea na safari. systemd huchukulia kila diski iliyoorodheshwa humo kuwa ya lazima. Huingoja sekunde 90, na isipotokea hukuweka katika hali ya dharura. Ukali huo una sababu: hifadhidata ikiamka kabla ya diski yake kufunguliwa, itaandika data mahali pasipofaa. Kwa diski ya nakala, lakini, ni adhabu bure.

Ukiwa kwenye skrini hiyo nyeusi, weka nenosiri la root, kisha andika `mount -o remount,rw /` ili faili zikubali kubadilishwa. Fungua fstab kwa `nano /etc/fstab`, na mstari wa diski uufanye hivi:

`UUID=xxxx /mnt/nakala ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=5s 0 0`

UUID, namba ya kipekee ya diski, utaipata kwa `blkid` diski ikiwa imechomekwa. Usitumie /dev/sdb1, kwa sababu flashi ikitangulia kuonekana italichukua jina hilo. Wengi huharibu kazi hapa kwa kuweka nafasi baada ya koma. Nafasi hufungua safu mpya, mstari mzima unavurugika, na unarudi palepale. Ukimaliza, andika `reboot`.

Kuna Debian ambayo root yake imefungwa tangu ilipowekwa. Hiyo itakwambia akaunti imefungwa na haitakupa nafasi ya kuandika lolote. Washa upya, na kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kabla ya Linux kuwaka) bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `init=/bin/bash`, kisha Ctrl na X. Fanya marekebisho yaleyale, andika `sync`, na umalize kwa `reboot -f`.

Tahadhari moja ambayo watu huigundua mwezi mzima baadaye. Kwa `nofail`, seva itawaka vizuri hata diski isipokuwepo, lakini /mnt/nakala itabaki kama folda tupu ndani ya diski kuu. Skripti yako ya nakala itaandika humo bila kusita mpaka diski kuu ijae. Mwanzoni mwa skripti weka `mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1`.

Naacha hesabu za utafiti zikikimbia usiku ndani ya tmux (programu ya kushikilia kazi hata ukiondoka) kwenye seva ya idara. Nikitoka SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), asubuhi nakuta kila kitu kimeuawa. Wenzangu wanasema ni systemd. Kweli? – Mwanafunzi, Kikuyu Road

Huenda ni kweli. Mei 2016, toleo la 230 liligeuza mpangilio uitwao KillUserProcesses ukawa `yes`: mtumiaji akitoka, kila alichoacha kikikimbia kinauawa, tmux na mwenzake screen zikiwemo. Nia ilikuwa kusafisha programu zinazobaki nyuma bila mwenyewe, lakini kilichovunjwa ni desturi ya miongo, na hasira iliyofuata ilikuwa ya haki. Debian iliurudisha kuwa `no`, na mifumo mingine ikafanya hivyo pia, kwa hiyo hakikisha kwanza kabla ya kulaumu:

`grep -r KillUserProcesses /etc/systemd/`

Mstari unaoanza na alama ya # haufanyi kazi; unakuonyesha tu mpangilio wa kawaida wa mashine hiyo. Ukikuta `yes`, mwombe msimamizi aandike `loginctl enable-linger` na jina lako la mtumiaji, kisha wewe uanzishe kazi kwa `systemd-run --user --scope tmux`. Akipenda kuzima tabia hiyo kwa wote, aweke `KillUserProcesses=no` katika /etc/systemd/logind.conf na kuwasha seva upya wakati hakuna anayeitumia. Ukikuta `no`, systemd haina hatia. Tafuta katika `journalctl -k` kama kumbukumbu ya RAM iliisha na kerneli (kiini cha Linux) ikaua kazi yako.

Nimeweka Debian 12 na /var/log/syslog haipo. Mtaani kwetu stima hukatika kila mara, na nataka kuona kilichotokea kabla ya mashine kuzimika. – Fundi, Kayole

Tangu Debian 12, rsyslog, programu iliyokuwa ikiandika faili hiyo, haiwekwi yenyewe. Rekodi zote ziko kwa journald, sehemu ya systemd inayozitunza. Andika `journalctl -b -1 -e` uone mwisho wa kipindi kilichopita, au ongeza `-p err` uone makosa tu. Ukipenda faili yako ya maandishi, `apt install rsyslog` itairudisha.

Kwa mtu wa stima ya kukatika, neno muhimu ni SyncIntervalSec. Kwa kawaida journald huhakikisha rekodi zimefika kwenye diski kila dakika 5, isipokuwa zile za hatari kubwa ambazo husukumwa papo hapo. Kwa hiyo dakika za mwisho, zile hasa unazozitafuta, zinaweza kupotea. Katika /etc/systemd/journald.conf, chini ya `[Journal]`, weka:

`SyncIntervalSec=30s`
`SystemMaxUse=200M`

Mstari wa pili ni wa diski ndogo, kwa kuwa bila kuambiwa, rekodi zinaweza kuchukua asilimia 10 ya diski hadi kikomo cha 4G. Kisha `systemctl restart systemd-journald`.

Wanaolalamika kwamba faili hizi hazisomeki kwa `less`, programu ya kusomea maandishi, wana hoja. Diski ikitolewa kwenye mashine iliyokufa, utahitaji mashine nyingine yenye journalctl: `journalctl -D` ikifuatwa na njia ya folda ya var/log/journal ya diski hiyo.

Seva yetu ya Ubuntu inasubiri mtandao dakika mbili nzima kila inapowaka, na ina waya wa mtandao. – Ofisi ndogo, Ngara

Huenda ina tundu mbili za mtandao na moja haina waya. Huduma ya systemd-networkd-wait-online hungoja hadi sekunde 120 ili tundu zote zilizoandikwa kwenye mipangilio ziwe tayari. Fungua faili iliyo ndani ya /etc/netplan, na chini ya tundu isiyotumika ongeza `optional: true`, ukipanga kwa nafasi, kitufe cha Tab kitaharibu faili. Kisha `netplan apply`.

Je, nihamie Devuan tu, niachane na systemd? – Msomaji, Githurai

Devuan, yaani Debian isiyo na systemd, ilizaliwa kutokana na ugomvi huu. Februari 2014 kamati ya kiufundi ya Debian iligawanyika nusu kwa nusu, na kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoipa systemd ushindi. Waliokataa walitoa Devuan 1.0 mwaka 2017. Ipo, inafanya kazi, na sysvinit yake ni skripti unazoweza kuzisoma mwanzo hadi mwisho. Kuna Linux nyingine zisizo na systemd: Alpine hutumia OpenRC, Void hutumia runit.

Hoja kuu ya wanaoikataa systemd, kwamba programu moja imemeza kuingia kwa watumiaji, rekodi, mtandao na saa, hatuipingi. Lakini angalia kazi ya mashine. Kwa ruta au seva yenye huduma tatu, Alpine itakufaa sana. Kwa kompyuta ya mezani yenye GNOME (mazingira ya madirisha na menyu), utategemea elogind kuziba pengo la logind, sehemu ya systemd inayosimamia kuingia kwa watumiaji, na programu za kibiashara mara nyingi huja na faili za systemd pekee. Skripti ya kuziwasha utaiandika mwenyewe, na kuikagua kila zinapopata toleo jipya. Jaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni, na orodhesha huduma zako kwa `systemctl list-units --type=service --state=running` kabla ya kufuta chochote.